Mkuki Kwenye Saruji

Sehemu ya tisa

Mkono uliomziba Nailantei mdomo ulikuwa unanuka sabuni ya unga.

Basi wewe uliyeapa wiki nzima kwamba ni mkono wa Clemensi, umekosa. Clemensi tangu azaliwe hajafua hata soksi. Huo ulikuwa mkono wa Lukresia, yule dada wa mlangoni anayekata tiketi, anayeshika taa ya duara na kuwaambia wageni wainue kidevu ili picha itoke vizuri.

"Usipige kelele," alinong'ona. "Kakako hakuacha kazi. Walikudanganya."

Kwa aliyefungia maandazi gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma: tupo Karatu mjini, mchana kweupe, ndani ya Kreta Selfie. Ni ghala la bati ambalo Clemensi amelikodi kwa mwezi mmoja, akaligawa vyumba vya kupigia picha, na mwezi ukiisha anavunja kila kitu na kuhamia mji mwingine. Kuna chumba cha vioo. Kuna bwawa la mipira ya plastiki lenye ndege heroe wa sponji. Kuna chumba cha boma. Na kuna ukumbi mkubwa uliochorwa Kreta ya Ngorongoro ukutani, na mbele yake, juu ya jukwaa la mbao, amesimama faru wa plastiki ngumu anayepandwa mgongoni na kila mwenye simu. Kreta yenyewe iko hapo juu tu. Watu wanaiacha, wanapanga foleni kwa ya rangi. Mimi nimeshanyamaza.

Lekishon aliajiriwa humo aruke. Ndiyo, hiyo ndiyo kazi: avae shuka na shanga, aruke juu, mgeni apigwe picha naye. Kisha simu yake ikazimika. Dada yake, Nailantei, ni mwalimu kule Digodigo. Siku moja alipigiwa na mwanamke asiyejitaja jina, akaambiwa njoo Karatu umtafute kakako kabla hujachelewa. Akamchukua Sitonik, rika moja na kaka yake, wakaifuata ile barabara mbovu hadi Karatu.

Mlangoni Sitonik aliambiwa sime haiingii. Akaivua, ikawekwa chini ya kaunta. Halafu akaambiwa na yeye mwenyewe haingii, na Nailantei akaambiwa kaka yake aliacha kazi. Nailantei akaingia peke yake, na hakuwa amefika mbali alipouona mkuki wa kaka yake umesimama mlangoni mwa chumba cha boma, kama pambo. Hapo ndipo mkono ukamziba mdomo, akavutwa chumba cha vioo.

"Yuko wapi?" Nailantei aliuliza.

"Yu hai." Lukresia akamtia kitu kidogo cha baridi kiganjani. Ufunguo. "Chini ya faru kuna stoo. Clemensi hana habari nayo. Nenda sasa hivi, wakiwa..."

Mguu wa chuma wa taa ukampata Lukresia juu ya sikio.

Alianguka. Damu iliruka ikachora kioo kimoja, na kwa kuwa chumba kizima kilikuwa vioo, ilionekana kila upande. Nyuma yake alisimama Senteu, mlinzi wa Clemensi, ameushika mguu wa taa kwa mikono miwili. Muziki ulikuwa unapiga kwa nguvu, hakusikia habari za ufunguo wala za stoo. Alichoona ni watu wawili wananong'ona, na kwake hiyo ilitosha.

"Wewe ndiye dada yake," alisema, akamkamata Nailantei kola. "Mnafanana pua."

Nailantei alimpiga teke la ugoko. Senteu akamkandamiza uso kwenye kioo hadi kikapasuka, na kipande kikamchana shavu.

Wakati huohuo wageni wakaingia.

Walikuwa kundi la vijana kutoka Arusha, miwani ya jua ndani ya nyumba, na nyuma yao mama mmoja mnene wa Endamarariek, Mama Selestina, aliyeletwa na wapwa zake apigwe picha za siku yake ya kuzaliwa. Amevaa viatu vyeupe, vipya, vinambana.

"Nisaidieni," Nailantei alisema. "Amempiga mtu. Ataniua na mimi. Nisaidieni jamani."

Simu zote zikainuliwa.

"Oya, hii noma," alisema kijana mmoja. "Bro, rudia ile ya kumgonga kwenye kioo. Sikuwa nimewasha."

Ningekuwepo ningemzaba kibao na simu yake ningeikanyaga. Lakini sikuwepo, aliyekuwepo ni Clemensi. Aliingia amevaa koti la waridi, anatabasamu meno yote.

"Karibuni sana wageni wetu. Leo tumewaletea igizo, bure kabisa. Rekodini, rusheni, na mtutagi."

Wakapiga makofi. Nailantei alilia kwa sauti, na kadiri alivyolia ndivyo makofi yalivyozidi.

"Na huyu aliyelala chini?" Mama Selestina aliuliza.

"Mwigizaji, mama. Anapumzika."

Mama Selestina hakuridhika, ila wapwa walishamvuta kuelekea bwawa la mipira. Senteu akatangulia nao kuwachunga. Clemensi akamkokota Nailantei hadi chumba cha boma, akapita naye kando ya ule mkuki, akafunga mlango kwa komeo.

Uso wake ukabadilika. Akamtandika kofi, akamtandika la pili, akamkaba shingo na kumbana ukutani.

"Kakako yuko wapi?" alisema.

Nailantei alidhani amesikia vibaya. Ametoka milimani, amelala njiani, amepasuliwa shavu, yote kwa ajili ya swali hilohilo.

"Mimi ndiye niliyekuja kukuuliza wewe," alisema.

Ngumi ikamfika tumboni. Akajikunja.

"Usinichezee, mwalimu. Kakako ametoroka na kitu changu. Umemwona yule faru? Pembe yake kubwa ni plastiki. Ile ndogo ya nyuma ilikuwa pembe kweli, ya faru kweli. Karatu nzima imeishika, imeibusu, imepiga nayo picha. Nani angeitafuta pale? Kakako aliigusa siku moja tu akaijua. Asubuhi yake yeye hayupo, pembe haipo. Mwenye mzigo anakuja leo jioni, nisipompa pembe atachukua kichwa changu. Sasa Lekishon yuko wapi?"

Nailantei akajua mawili kwa mpigo. Kaka yake yu hai, na huyu mtu hajui kwamba amesimama hatua chache kutoka alipofichwa. Ufunguo ulikuwa ungali ndani ya ngumi yake ya kushoto. Aliufumba zaidi, akaamua kupigana kwa mkono mmoja.

Alinyakua kibuyu cha maziwa kilichoning'inia, akampiga nacho Clemensi kichwani kwa nguvu zake zote. Kikadunda. Kilikuwa plastiki. Akanyakua rungu lililokuwa pembeni ya kitanda cha ngozi. Likapinda kichwani mwa Clemensi. Lilikuwa sponji. Clemensi akacheka hadi machozi. Kigoda nacho kilikuwa boksi lililopakwa rangi.

"Humu hakuna kitu cha kweli, mwalimu," alisema. "Ni mimi na wewe tu."

Akamwangusha, akamkalia kifuani, akamkaba kwa mikono yote miwili. Nailantei alimng'ata kiganja hadi meno yakakutana. Clemensi hakuachia. Macho yakaanza kuona giza, na miguu yake ikawa inapigapiga mlango.

Sasa tokeni nje kidogo, tumtazame Sitonik.

Sitonik alikuwa amekaa kivulini ng'ambo ya barabara, amechoka kusubiri. Alipoona mlangoni hakuna Senteu wala Lukresia, akanyanyuka na kuingia. Akapita ukumbini, akapita korido yenye taa za rangi, akaukuta mkuki.

Alisimama wima.

Aliujua. Mpini ule walikwenda kuukata pamoja wakiwa vijana, na waya mwekundu ulioufunga pale ulipopasuka aliuzungusha yeye kwa mkono wake. Mkuki wa Lekishon, umesimikwa mlangoni, ncha juu.

Wewe wa pwani huenda hujui, nikwambie. Kwa hawa Wamaasai mkuki uliosimikwa mlangoni unasema: mwenzako wa rika yumo ndani. Ukiukuta, huingii. Hubishi hodi, huchungulii. Unageuka na kutafuta mahali pengine pa kukaa. Sitonik amekua hivyo, na mwili wake ulisimama kabla akili haijamwambia.

Moyo wake ukajaa furaha. Aliwaza kwamba Lekishon yumo humo, Nailantei amemkuta, ndugu wawili wanalia pamoja. Ni nani yeye awaingilie? Akaegemea ukuta wa pili. Akatoa simu, akamrekodia sauti Nosim, mama yao Lekishon na Nailantei, kule Samunge.

"Yeyo, tumempata," alisema. "Mkuki wake uko mlangoni. Nauona kwa macho yangu."

Akatuma. Ndani, dada wa mtu anakata roho, nje huyu bwana anatuma salamu. Natamani ningeweza kuingia kwenye hadithi hii nimtikise mabega.

Mlango ulikuwa unagongwa kwa chini. Du, du, du. Kisha polepole. Kisha hakuna.

Sitonik akanyoosha mkono kuugusa ule mpini, kwa kuusalimia tu. Mkuki haukutikisika. Akausukuma. Haukutikisika. Akatazama chini, chini ya nyasi za plastiki, akaona ndoo ya rangi iliyojazwa saruji, na mkuki umegandia humo.

Akaganda na yeye. Morani husimika mkuki kwa mkono mmoja, na akitoka huung'oa kwa mkono mmoja, anaondoka nao. Hakuna aliyewahi kuutia kwenye saruji mkuki anaotaka kutoka nao. Basi Lekishon hayumo.

Na kama hayumo, ni nani aliyekuwa anapiga teke mlango?

Sitonik alikumbatia mpini na ndoo yake, mzigo wa kuvunja kiuno, akaubeba ubavuni, akajitupa nao mlangoni. Mbao zikapasuka. Akarudi nyuma, akajitupa tena. Komeo likaruka, mlango ukaanguka ndani, na ndoo ya saruji ikampata Clemensi bega na taya kwa pamoja. Mfupa ulilia. Clemensi alibiringika hadi kwenye kitanda cha ngozi bandia na hakuinuka.

Nailantei alivuta pumzi kama anayemeza miiba.

"Umechelewa," alisema, sauti imekwaruza.

"Niliona mkuki."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Nailantei ni binti wa boma, alielewa, na alitamani kumpiga.

Wakatoka, Sitonik bado ameukumbatia mkuki na ndoo yake. Senteu alikuwa anakuja kwenye korido, ameshika panga. Hakuuliza habari. Pigo la kwanza Sitonik alilikinga kwa mpini wa mkuki. La pili likampata paja. Nyama ikafunguka, damu ikamwagika hadi kwenye ndala. Sitonik hakurudi nyuma. Alimsukuma Senteu kwa ndoo kifuani, wakaenda wote wawili, wakaporomoka ndani ya bwawa la mipira katikati ya wageni.

Mipira ikatapakaa. Watu wakashangilia. Senteu aliibuka wa kwanza, akainua panga juu ya mgongo wa Sitonik. Yule kijana wa miwani akapiga magoti ukingoni apate pembe nzuri ya kamera.

Mpira mmoja wa njano ulibingirika ukagonga kiatu cheupe cha Mama Selestina, ukaacha alama nyekundu. Mama Selestina akainama, akaigusa, akainusa.

"Hii ni damu," alisema.

"Ni rangi, shangazi."

"Rangi hainuki hivi. Huyu mtu anauawa na nyie mnapiga picha?"

Hakungoja jibu. Alinyanyua kiti cha chuma cha kukalia wageni, akampiga nacho Senteu kisogoni. Panga likaanguka. Akampiga tena mgongoni, na mara ya tatu kwa hasira za viatu vinavyobana. Senteu akalala kifudifudi kwenye mipira, mapovu ya damu yakimtoka puani.

Sasa ndipo wakaelewa. Kijana wa miwani alitazama mikono yake, akatapika kwenye heroe wa sponji. Wengine walikanyagana mlangoni, wakapita na vioo, wakapita na pazia. Mama Selestina akatoka nyuma yao akiita polisi kwa sauti iliyosikika hadi sokoni.

"Faru," Nailantei alimwambia Sitonik. "Twende kwa faru."

Sitonik alikuwa ameanza kupauka. Nailantei alimfunga paja kwa mtandio wake, akamwambia auache ule mzigo. Akakataa. Mkuki wa mwenzake hauachwi sakafuni. Akauburuta na ndoo yake, akiuegemea, plastiki imeshapasuka na saruji imefanya ufa kutoka juu hadi chini. Alipofika mbele ya jukwaa akakaa, mkuki mapajani, hana nguvu ya hatua nyingine.

Nailantei alitambaa chini ya tumbo la faru. Palikuwa na kifuniko cha mbao, na kufuli. Ufunguo ukaingia.

Harufu ikampiga kwanza, ya mkojo na nyama iliyoungua. Kisha akamwona. Lekishon alikuwa amefungwa kwa nyaya za taa, mdomo umebandikwa plasta. Mikono yake yote miwili ilikuwa na alama za moto, nyembamba, ndefu, moja juu ya nyingine.

Nailantei alilia bila aibu. Akambandua plasta, akamshika uso.

"Kaka. Kaka, ni mimi. Mama anakusubiri. Twende nyumbani."

Lekishon alijaribu kumeza mate, hayakuwepo.

"Nani kakupa ufunguo?"

"Lukresia. Wamempiga, sijui kama yu hai."

Lekishon akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na hofu ambayo Nailantei hakuwahi kuiona kwa kaka yake, hata siku ile simba alipoingia zizini.

"Lukresia ndiye aliyenifunga," alisema. "Clemensi hajui kama nipo humu. Lukresia anakuja kila siku na pasi ya kunyooshea nywele, ananichoma, nimwambie pembe iko wapi. Anaitaka peke yake. Nilikataa. Akasema basi, ngoja, nitampigia dada yako simu, tuone kama utavumilia akichomwa yeye."

Nailantei akaikumbuka ile sauti ya mwanamke asiyejitaja. Njoo kabla hujachelewa.

"Pembe iko wapi?" alinong'ona, huku akizikata nyaya kwa kipande cha kioo alichokiokota kwenye nguo yake.

"Mahali ambapo mtu wa rika langu hawezi kugusa. Nilitaka akija Sitonik au yeyote wa kwetu, apite bila kuisogeza, mpaka nipate polisi wa kumwamini."

"Toka nje, Lekishon," sauti ilisema juu yao. "Toka polepole, na dada yako."

Walitoka. Lukresia alikuwa amesimama nyuma ya Sitonik. Kichwa chake amekifunga kanga iliyolowa damu, jicho moja limevimba limefunga. Mkononi ameshika sime, ileile ya Sitonik, iliyowekwa chini ya kaunta. Makali yalikuwa shingoni mwa Sitonik mwenyewe, naye alikuwa anatweta tu, kichwa kinamlegea.

"Senteu alinipiga vibaya," Lukresia alisema kwa utulivu. "Kwa hiyo sina muda, na polisi wanakuja. Pembe iko wapi? Usiposema naanza na rafiki yako, kisha mwalimu. Wewe nakuacha, ukawasimulie kwenu."

Lekishon alimtazama Sitonik. Alitazama mkuki wake mapajani mwa Sitonik. Kisha, kwa Kimaa, lugha yao, midomo haikusogea hata kidogo, akamwambia dada yake:

"Usiiangalie ndoo."

Laiti angenyamaza. Nailantei alikuwa hana wazo lolote juu ya ndoo. Lakini mtu akikwambia usiangalie kitu, wewe ungefanyaje? Macho yake yakaenda yenyewe. Yakaona ule ufa kwenye saruji, na ndani ya ufa kitu cheusi chenye nyuzi, kama kwato kuukuu. Hapo akaelewa ni nani aliyeusimika mkuki ule kwenye saruji, na kwa nini.

Alirudisha macho haraka. Haikuwa haraka ya kutosha.

Lukresia hajui Kimaa. Hakuhitaji kukijua. Alikuwa anamtazama Nailantei usoni tangu mwanzo, na sasa akainama, akaugusa ufa kwa kidole gumba.

"Asante, mwalimu," alisema. "Basi sina haja tena na mtu yeyote kati yenu."

Simu ikalia ndani ya shuka ya Sitonik. Lukresia akaitoa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado na sime shingoni. Kwenye kioo palikuwa na jina moja, Nosim. Mama alikuwa ameusikia ule ujumbe. Anataka kuisikia sauti ya mwanawe.

Lukresia akamtupia Lekishon simu.

"Pokea," alisema. "Umuage."